Ukali si Ukatili: neno kwa wanaofunga ukumbi na kwa wanaoshika fimbo



Katika mkutano wa mwisho wa baraza la parokia yetu, hapa Bukavu, lililetwa ombi dogo. Kikundi cha judo, ambacho hadi sasa hufanya mazoezi katika bohari iliyoachwa, kiliomba kutumia ukumbi wa parokia mara mbili kwa juma. Ombi lenyewe lilikuwa na mistari sita. Mabishano yalichukua jioni nzima, na hayakwisha. Uamuzi umeahirishwa hadi mkutano ujao.

Papa mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema kwamba ukumbi uliojengwa kwa michango ya waamini hauwezi kugeuzwa mahali pa kupigana, kwa maana nchi hii imekwisha kupigana vya kutosha. Mwingine, aliyewahi kufundisha michezo katika ujana wake, alimjibu kwamba vijana wa siku hizi wamelegea mno, na kwamba wanahitaji mtu wa kuwachapa kidogo ili wakomae. Watu walicheka, kila mmoja akachagua upande wake. Mimi nilirudi nyumbani na wasiwasi, kwa sababu wazee hao wawili, waliodhani wanapingana, walikuwa wamesema neno moja. Wote wawili wanaamini kwamba mafunzo makali maana yake ni mapigo. Mmoja anayakataa kwa sababu hiyo. Mwingine anayapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Ninawaheshimu wote wawili, lakini wamekosea, na kosa lao lina gharama. Mwaka uliopita kijana mmoja wa kundi letu aliacha mazoezi ya kikundi kingine cha mjini baada ya kupigwa mgongoni kwa waya wa umeme, mbele ya wenzake, kwa kuwa hakuweza kumaliza idadi ya kujiinua kwa mikono iliyoamriwa. Niliuona mgongo wake. Nilipomwuliza kwa nini hakutuambia mapema, alijibu: «Nilidhani ndivyo nguvu inavyofundishwa.» Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi moja kwenye bohari

Kwa kuwa sikutaka kubishana juu ya jambo nisilolijua, nilimwomba mwalimu wa kikundi hicho cha judo aniruhusu kuhudhuria zoezi moja zima, nikiwa mwanafunzi wala si mtazamaji. Ni mzee aliyepita miaka sitini, aliyeanza kufundisha wakati nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire. Vijana humwita Metre, kama ilivyo desturi kwetu kwa wote wanaofundisha michezo ya namna hiyo. Nilipofika alinitazama tumbo, akaniuliza: «Umekula?» Nikamjibu: «Ndiyo, Metre, chai na mkate.» Akasema: «Pole, mwanangu.» Nilielewa baadaye.

Sakafu ilikuwa imetandikwa vipande vya magodoro vilivyofunikwa kwa shitingi iliyokazwa kwa kamba. Tulikuwa watu ishirini na wanne, wavulana kwa wasichana, mdogo kabisa akiwa na umri wa miaka tisa. Tulipiga magoti, tukainama, yeye akatuinamia pia. Kisha, kwa muda wa dakika arobaini, hakuna aliyemshika mwenzake. Tulijifunza kuanguka tu: kuanguka kinyumenyume, upande wa kulia, upande wa kushoto, mbele kwa kubingirika. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda ili kisogo kisigonge chini, mkono upige sakafu kabla ya mgongo. Nilipofika mara ya sitini niliacha kuhesabu. Viganja vyangu vilikuwa vinawaka moto.

Baadaye tulisimama wawili wawili. Mmoja aliingia kana kwamba atamwangusha mwenzake, akarudi nyuma, akaingia tena, mara kumi, kisha zamu ya mwenzake, hadi kila mmoja akatimiza mia. Ndipo tukaruhusiwa kuangushana kweli. Hapo sheria ilikuwa moja: anayeangusha hauachii mkono wa nguo ya mwenzake. Anaushikilia hadi mwisho na kuuvuta juu kidogo, ili anayeanguka atue kwa ubavu, si kwa kichwa. Mwishowe yakaja mapambano huru ya dakika tano tano, bila kuchagua mtu. Baada ya pambano la tatu nilitoka nje mbio, na chai yangu na mkate wangu vikaniaga. Metre alinifuata na kopo la maji. Hakunicheka, wala hakunihurumia. Alisema tu: «Nawa uso, urudi.» Nikarudi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mahali pa hoja yangu. Kijana mmoja mwenye nguvu alimbana mwenzake shingo kwa ukosi wa koti. Aliyebanwa alipiga shitingi mara mbili kwa kiganja, ishara ambayo kila mwana judo duniani anaijua kuwa ya kusalimu. Yule mwenye nguvu alichelewa kuachia, labda kwa muda wa pumzi moja. Metre alitamka neno la Kijapani linaloamuru watu wangoje, na wote ishirini na wanne tukaganda. Hakuinua mkono. Hakutukana. Alimwambia: «Mwenzako alikukopesha mwili wake ili ujifunze. Alipouomba, ulichelewa kuurudisha. Leo hushikani tena na mtu.» Kisha akampa kazi ya kumfundisha yule mtoto wa miaka tisa kuanguka, mpaka mwisho wa zoezi. Nilimwona kijana huyo, mrefu kama mlango, akiweka kiganja chake chini ya kisogo cha mtoto, safari baada ya safari, ili asiumie. Hakuna waya wa umeme ungemfundisha hilo.

Mwishoni Metre aliniita mbele ya wote. «Niangushe.» Nikasita, kwani ni rika la baba yangu. Akarudia. Nilijaribu mara sita bila kumtikisa, na kila mara alinionyesha mguu wangu uliokosea. Mara ya saba mizani yake ilipotea, akapita juu ya nyonga yangu, mkono wake ukapiga chini kwa kishindo. Aliinuka, mvi zake zimejaa vumbi, akasema: «Tena.» Nilimwangusha mara kumi. Hakuna aliyecheka. Baadaye, tulipokuwa tunakunja shitingi, nilimwuliza kwa nini anakubali kuanguka hivyo kwa umri wake. Akajibu kwamba mwalimu asiyeanguka tena husahau jinsi sakafu ilivyo ngumu, na akisahau hilo huanza kuwaangusha watoto kwa hasira.

Niliteremka mlima kwenda nyumbani nikishika kuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Sijapata kufanyishwa kazi ngumu namna hiyo maishani mwangu. Na hakuna aliyenipiga.

Mwenye mchezo alikuwa mwalimu

Wale wanaodhani kwamba Metre ni laini, au kwamba amebuni desturi zake mwenyewe, wajue historia. Judo ilianzishwa na Jigoro Kano, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1860, ambaye katika ujana wake alikuwa mdogo wa umbo na alionewa na wanafunzi wenzake. Alikwenda kujifunza mbinu za kale za kupigana zilizoitwa jujutsu ili aweze kujitetea. Lakini alipopata nguvu hakuitumia kulipiza kisasi. Mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, alifungua chuo chake, Kodokan, akiwa na wanafunzi wachache na nafasi ndogo. Kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu. Kwa miaka mingi aliongoza chuo cha kuwaandaa walimu mjini Tokyo.

Kano alizitenga mbinu zenye kuumiza vibaya, zisitumike katika mapambano ya mazoezi. Aliweka kanuni mbili: kutumia nguvu zako kwa namna iliyo bora kabisa, na kustawi pamoja, wewe na mwenzako. Fikirini kanuni hiyo ya pili. Mtu hawezi kufanya judo peke yake. Anahitaji mwili wa mwenzake kila siku, na mwili huo lazima uwe mzima kesho ili ujifunze tena. Kumvunja mwenzako ni kuvunja chuo chako mwenyewe. Basi, ukatili hauongezi chochote katika mchezo huu. Unauharibu tangu msingi.

Watoto wawili wa mji huu

Kama mnasema kwamba hayo ni maneno mazuri ya Wajapani, nitawaletea mfano wa karibu. Popole Misenga na Yolande Mabika wote wawili walizaliwa hapa Bukavu. Vita viliwatenganisha na jamaa zao wakiwa bado wadogo, wakafikishwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliopoteza makao, wakajifunza judo. Popole alikuwa na umri wa miaka tisa alipokimbia mapigano. Aliokolewa baada ya kukaa siku nane msituni. Yeye mwenyewe amesema kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu ambavyo hakuwa na wazazi wa kumpa.

Lakini wameeleza pia jambo jingine. Walipokuwa wanashindwa mashindano, walifungiwa katika kizimba, wakipewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro, Brazili, kwa mashindano ya dunia, wakaachwa bila chakula cha kutosha na bila hati zao. Wakatoroka, wakaomba hifadhi. Nchi ikapoteza wana judo wake wawili bila kushindwa na adui yeyote: ilishindwa na kizimba chake yenyewe.

Kule Rio walipokelewa na Geraldo Bernardes, mwalimu mkongwe aliyekuwa amekwisha kuifundisha timu ya taifa ya Brazili, na ambaye alifundisha vijana wa mitaa ya maskini katika taasisi ya Reação. Bernardes ameeleza kwamba mwanzoni wageni hao walikuwa wakali kupita kiasi katika mazoezi. Haishangazi. Mtu anayejua kwamba akianguka atafungiwa kizimbani hawezi kumtunza mwenzake. Anamwangusha kama anayepigania roho yake. Ilibidi wafundishwe upya kwamba mwenzao wa mazoezi si adui. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, wote wawili walishiriki katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Na katika michezo hiyo hiyo Rafaela Silva, binti wa mtaa wa Cidade de Deus aliyelelewa na Bernardes tangu utoto, alitwaa nishani ya dhahabu.

Ninyi mnaosema kwamba bila fimbo hakuna bingwa, nijibuni: kizimba kilileta nishani gani?

Kwa wanaotaka kufunga ukumbi

Papa wetu anayeogopa mapigano hakosi kila kitu. Ni kweli kwamba mbinu hizi zaweza kuumiza, na kwamba wapo waliojifunza mchana ili wapore usiku. Ni kweli pia kwamba sisi, watu wa Kivu, tuna sababu ya kushtuka tunapoona vijana wamejipanga mistari wakiamriwa. Tunakumbuka vita vya 1996, na watoto tuliowaita kadogo, waliobeba bunduki ndefu kuliko wao.

Lakini tuulize: kadogo alichukuliwa kwa ahadi gani? Mara nyingi aliambiwa kwamba atakuwa mtu, kwamba ataheshimiwa, kwamba hakuna atakayemwonea tena. Kiu hiyo ya nguvu ni ya kila kijana, nayo haikomi kwa sababu ukumbi umefungwa kwa kufuli. Tukikataa kuituliza kwa maji safi, wapo wengine wenye maji machafu wanaongoja njiani. Kumnyima kijana mahali pa kujifunza kutawala nguvu zake si kumfanya mtu wa amani. Anabaki na nguvu zile zile, pasipo aliyemfundisha kuachia mwenzake anapopiga sakafu mara mbili. Mtume Paulo hakuona haya kujifananisha na mkimbiaji na mpiga ngumi anayeutawala mwili wake. Tusijifanye wapole kuliko yeye.

Kwa wanaoshika fimbo

Na ninyi mnaosema mnapenda vijana wakomae, nawauliza: fimbo hiyo mliipata wapi? Nchi hii iliujua mjeledi wa ngozi ya kiboko kabla ya kuijua shule. Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana mwenzenu, alichapwa na msimamizi wa shamba la wazungu kwa sababu ya skapulari aliyovaa, na mwaka 1909 akafa kwa majeraha yake. Sisi tunamheshimu Bakanja. Kisha tunachukua kifaa cha aliyemchapa na kukiita malezi. Kinyume hicho sikielewi.

Fimbo ni njia ya mwalimu mvivu. Kumpiga kijana huchukua sekunde mbili. Kumwonyesha mguu wake uliokosea mara sita, kwa uvumilivu, huchukua asubuhi nzima. Anayepigwa hujifunza jambo moja kwa hakika, nalo ni kwamba mwenye nguvu hupiga. Siku atakapokuwa na nguvu yeye, atalikumbuka somo hilo nyumbani kwake, kwa mkewe na kwa watoto wake. Msiite hilo ukomavu.

Mtamtambuaje mwalimu?

Vijana, wengi wenu mtaingia katika vikundi vya michezo, parokia ikubali au ikatae. Basi chukueni alama hizi. Kwanza, mwalimu mwema hufundisha kuanguka kabla ya kuangusha. Pili, ukipiga sakafu kusalimu, kila kitu husimama papo hapo, na hakuna anayekuita mwoga. Tatu, yeye mwenyewe hufanya anachowaamuru, kadiri ya umri wake, na hukubali kuangushwa. Nne, milango iko wazi: mama yako aweza kuja kutazama bila kutoa taarifa, na msichana hatafundishwa faraghani. Tano, waweza kuondoka bila vitisho, na kurudi bila kudhihakiwa. Mahali ambapo moja ya haya halipo, ondoka, hata kama ukutani kumejaa nishani. Na ukipigwa, sema. Ukimya wako humlinda anayepiga, na humwacha mdogo anayekufuata katika foleni.

Katika mkutano ujao wa baraza nitaomba ukumbi wetu ufunguliwe kwa Metre na wanafunzi wake, na nitaomba alama hizo tano zibandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa, zimhusu yeye pia, na kila kiongozi wa kikundi chochote kinachotumia ukumbi ule: kwaya, skauti, na sisi wenyewe. Kwa maana hata mimi nimewahi kumwaibisha kijana mbele ya wenzake nikidhani ninamlea.

Yule aliyepigwa kwa waya nimemwalika zoezi la Jumamosi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza kitu kimoja tu: «Nikishindwa, itakuwaje?» Nikamwambia ukweli: utanawa uso, utarudi.

*Maswali ya kutafakari katika kikundi*

1. Katika nyumba, shule au kundi lako, ni wapi ukali umegeuka kuwa ukatili? Ni nani aliyenyamaza?

2. Je, uliwahi kuchelewa «kumwachia» mtu aliyekuwa amekwisha kusalimu mbele yako? Utamrudishia nini?

3. Kikundi chetu kitasema nini baraza la parokia litakapotuuliza juu ya ukumbi?